Asiye na Mtu Wodini: Ndugu, Ulemavu Mkubwa na Haki ya Matibabu Bukavu

Ndugu anayedai matibabu ya haki kwa ajili ya nduguye mwenye ulemavu mkubwa huiweka falsafa ya maadili mahali isipopazoea, kwa sababu dai lake lina sura mbili ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa zinapingana. Kwa upande mmoja ni upendeleo, maana ndugu hamtetei kila mgonjwa aliyelazwa, bali humtetea yule waliyezaliwa naye. Kwa upande wa pili ni haki, maana anachokidai si zaidi ya kile ambacho mgonjwa mwingine angepewa bila kukidai. Wanafalsafa waliofundisha kwamba hakimu hapaswi kumwangalia mtu uso hawakueleza vya kutosha namna ya kumtendea haki mtu ambaye, asipojulikana kwa uso wake, kwa mguno wake na kwa jinsi anavyokunja vidole, hawezi kueleweka kabisa. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ndugu huyo ni shahidi kabla ya kuwa mwombaji wa huruma, na kwamba hospitali inayomhudumia mlemavu vizuri kwa sababu tu ana ndugu wa kumsemea imekwisha kuigeuza haki kuwa bahati.

Ulemavu mkubwa, kwa maana inayokusudiwa, ni hali ambayo mtu hutegemea mikono ya mwingine kwa kula, kuoga, kugeuzwa kitandani, na mara nyingi hata kwa kuonyesha kwamba anaumwa. Sababu yake mojawapo iliyo kubwa ni mtindio wa ubongo, yaani kudhurika kwa ubongo kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, hali inayovuruga mwendo na mkao wa mwili na ambayo aghalabu huandamana na kifafa na shida ya kumeza. Mahali ambapo mama mjamzito hufika hospitalini akiwa amechelewa, chanzo chake mara nyingi ni mtoto kukosa hewa wakati wa uzazi, manjano ya kichanga yasiyotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Kivu ya Kusini ina sababu nyingine pia: konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla na kwa maisha yote, unaowapata hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa wanaotegemea muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, huku chakula chao kikikosa protini. Madaktari waliueleza katika eneo la Burhinyi, upande wa Mwenga, na wakauhusisha na hali ya vita. Inafaa jambo hili litajwe mapema, kwa kuwa wengi huuzungumzia ulemavu kana kwamba umeshuka kutoka mawinguni. Sehemu kubwa ya ulemavu unaofikishwa hospitalini ni deni ambalo jamii ilishindwa kulilipa pale chumba cha uzazi kilipokosa mtu au kifaa, na ajabu ni kwamba anayekuja kulidai ndiye hutazamwa kama mkopaji.

Mji wa Bukavu, uliokaa kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, huongeza uzito wa dai hilo kwa umbo lake lenyewe. Katika miteremko ya Kadutu, na hata katika sehemu nyingi za Ibanda na Bagira, nyumba hufikiwa kwa vijia vyembamba ambavyo mvua huvigeuza utelezi, kwa hiyo kiti cha magurudumu, ambacho wafadhili hupenda kupigwa picha wakikikabidhi, hakifiki mlangoni. Mgonjwa aliye mtu mzima hubebwa mgongoni mpaka barabarani, kisha hupakiwa kwenye pikipiki katikati ya motari na nduguye, amefungwa kitenge kiunoni ili asidondoke degedege likimshika njiani. Anayefika hospitalini kwa safari ya namna hiyo amekwisha kulipa kitu ambacho hakiandikwi kwenye fishi ya mgonjwa, na akikuta foleni inayoanzia kwa aliyewahi kufika, amekwisha kushindwa na utaratibu ambao kwa macho ya kawaida ni wa haki tupu.

Upo pia mpango wa fedha na wa uangalizi. Nchini Kongo gharama za tiba kwa sehemu kubwa hutoka mfukoni mwa familia. Wagonjwa huombwa kutanguliza kiasi fulani kabla ya kulazwa, na desturi ya kuwazuia wodini waliopona hadi deni lao limalizike inajulikana nchini kote, ingawa hakuna anayeisifu. Mifuko ya mshikamano, ambayo watu huiita kwa Kifaransa mutuelles, na ambayo katika Jimbo Kuu Katoliki la Bukavu imesimamiwa kwa miaka mingi na ofisi ya afya ya jimbo, huwapunguzia wanachama mzigo, lakini hailingani na mahitaji ya mtu anayeugua mwaka mzima. Tena kuna mtu ambaye bila yeye wodi isingeweza kufanya kazi, yule ambaye Bukavu nzima humwita garde-malade, yaani mlinzi wa mgonjwa: ndiye anayepika au kuleta chakula, anayefua, anayekwenda duka la dawa na karatasi ya daktari, anayemgeuza mgonjwa usiku na kumwita muuguzi chupa ya maji inapokwisha. Huyu hayumo katika orodha ya mishahara, ila hospitali imejengwa juu ya dhana kwamba kila kitanda kina wake.

Dhana hiyo ndiyo ambayo Injili ya Yohana, katika sura ya tano, inaiweka wazi kwa namna ambayo mahubiri mengi huipita haraka. Penye birika la Bethzatha walilala wagonjwa wengi wakingojea maji yatibuliwe, na kulikuwa na mtu aliyeugua kwa miaka 38. Alipoulizwa kama anataka kupona, hakujibu kwamba anataka, bali alieleza kwamba hana mtu wa kumtia majini, na kwamba kila anapojaribu, mwingine humtangulia. Wahubiri hupenda kumlaumu kwa kukosa imani. Yafaa kutambua badala yake kwamba maelezo yake ni uchambuzi sahihi wa utaratibu mzima: tiba ipo, haikatazwi kwa yeyote, wala hakuna aliyeandika kwamba mlemavu asiingie, lakini imepangwa kwa namna inayomfikia mwenye miguu au mwenye mtu. Usawa wa aina hii, ambao hufungua mlango mmoja kwa wote bila kuuliza nani anaweza kupita, ndio ambao Aristotle, katika kitabu cha tano cha maadili yake kwa Nikomako, aliutofautisha na haki ya uwiano, yaani ile inayompa kila mtu kulingana na hali inayohusika, ili walio tofauti wasitendewe kama walio sawa.

Hata mlango ukipitika, kinabaki kizuizi kingine ambacho wataalamu wa tiba wamekichunguza sana katika miongo ya karibuni: tabia ya tabibu kuiona kila dalili mpya kama sehemu ya ulemavu wa zamani, hata maradhi ya kawaida yakajificha nyuma yake. Mtu asiyesema akianza kupiga kelele usiku, husemwa kwamba ndivyo walivyo. Akikataa uji, husemwa kwamba amechoka. Akikakamaa zaidi, huongezewa dawa ya kifafa. Kumbe huenda jino limeoza, au choo kimefunga wiki nzima, au nyonga imechomoka, au chakula kimepitia njia ya hewa na pafu limeanza kuwaka. Haya yote ni maradhi yanayotambulika na kutibika, na baadhi yake huua yasipotambuliwa. Nchini Uingereza, yenye huduma ya afya isiyomdai mgonjwa senti mlangoni, shirika la Mencap lilichapisha mwaka 2007 ripoti juu ya watu 6 wenye ulemavu wa akili waliofia mikononi mwa huduma hiyo, na jambo lililojirudia ni kwamba familia zilikuwa zimesema mapema kwamba kuna kitu hakiko sawa. Mfano huo unafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba Bukavu ikipata fedha za kutosha tatizo litaisha lenyewe.

Hapa ndipo nafasi ya ndugu kama shahidi inapoonekana. Dada ambaye kwa miaka ishirini amemlisha kaka yake ugali uliolainishwa kwa mchuzi wa sombe, akimshikilia kidevu ili kichwa kisirudi nyuma na akingoja koo lipande na kushuka kabla ya tonge la pili, anajua muda ambao tonge moja huchukua, na siku muda huo ukizidi anajua kabla ya kipimo chochote kwamba koo au kifua kina neno. Ujuzi huu haumo katika vitabu vya uganga, wala hauwezi kuwemo, kwa sababu unamhusu mtu mmoja. Lakini ni ujuzi kamili, wenye historia, unaoweza kukosolewa na kuthibitishwa, sawa na ule anaoutoa mgonjwa mwenye ulimi anaposema kwamba maumivu yalianza juzi upande wa kulia. Daktari anayeukataa kwa kuwa msemaji hakusoma hajalinda sayansi. Amemnyima mgonjwa historia ya ugonjwa, ambayo kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kwamba ndiyo mwanzo wa uchunguzi. Ndiyo maana dai la ndugu, hata likitoka katika mapenzi ya damu, haliwi upendeleo: linamrudishia mgonjwa kitu ambacho wengine wanacho tayari, yaani sauti.

Watasema baadhi, na si watu wabaya wanaosema hivyo, kwamba tatizo si kutosikia bali uhaba. Mashine ya hewa ni moja, damu ni chupa mbili, daktari wa zamu amesimama tangu alfajiri. Katika hali hiyo je, si busara kumtanguliza anayeweza kupona na kurudi shambani, sokoni au shuleni? Swali hili huulizwa waziwazi wodini kwa maneno mafupi: hata akipona, atapona nini? Wachumi wa afya wamelipa umbo la hesabu kwa kutumia kipimo cha miaka ya uhai iliyorekebishwa kwa ubora, ambacho huzidisha miaka anayotarajiwa kuishi mgonjwa kwa alama ya ubora wa maisha hayo, kutoka 0 ambayo ni sawa na kifo hadi 1 ambayo ni afya kamili. Kasoro yake kwa mwenye ulemavu mkubwa haihitaji hesabu nyingi: akitibiwa nimonia kwa dawa ileile na kwa mafanikio yaleyale, mwaka anaoupata unahesabiwa pungufu kwa sababu ya ulemavu aliokuwa nao kabla, ikawa ulemavu wenyewe ndio unaomwondoa kwenye foleni ya tiba isiyouhusu. Mwanzoni mwa janga la Korona, Machi 2020, mwongozo uliotolewa Uingereza na taasisi ya NICE uliwaelekeza madaktari watumie kipimo cha unyonge wa mwili katika kuamua nani apelekwe wodi ya mahututi. Familia na mashirika ya walemavu walipolalamika, ulirekebishwa ndani ya siku chache ili kipimo hicho kisitumike kwa wenye ulemavu wa kudumu kama mtindio wa ubongo. Aliyeandika mwongozo ule hakuwa na chuki. Alikuwa na kipimo kilichotengenezwa kwa wazee, na hakufikiria ni nani mwingine angepimwa nacho.

Inabidi kukiri kwamba uhaba wa Bukavu si wa kubuni, hasa tangu mji ulipotwaliwa na waasi wa M23 mwezi Februari 2025, benki zikafungwa na fedha zikawa ngumu kupatikana hata kwa wenye ndugu ughaibuni. Lakini uhaba hujibu swali la kiasi gani kinaweza kutolewa. Haujibu swali la nani ahesabiwe. Ikiwa tiba inayotakiwa haitamfaa mgonjwa, kwa mfano upasuaji ambao mwili wake hautauhimili, kumnyima si dhuluma, na ndugu mwenye busara huelewa hilo hata kama analia. Ikiwa tiba itamfaa kama inavyomfaa jirani yake kitandani, na akanyimwa kwa hoja kwamba maisha atakayorudia hayana thamani, hapo hukumu imetolewa juu ya mtu wala si juu ya ugonjwa, na hakuna chuo cha udaktari kinachotoa shahada ya kuhukumu hivyo.

Kwa nini basi hukumu hiyo huonekana ya kawaida? Sehemu ya jibu imo katika nadharia za haki zenyewe. John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1971 kiliweka msingi wa mjadala wa kisasa, aliiona jamii kama ushirikiano wa watu wanaoweza kuchangia na kunufaishana maisha yao yote, na akaliahirisha suala la wasioweza kushiriki hivyo. Eva Feder Kittay, ambaye ni mwanafalsafa na mama wa binti mwenye ulemavu mkubwa, alijibu mwaka 1999 kwamba kuahirisha huko kunaficha ukweli kwamba kila binadamu ameanza maisha katika utegemezi na wengi watayamaliza humo. Na akaongeza kwamba anayemtunza mtegemezi naye anahitaji kutunzwa na jamii, kama vile mzazi aliyetoka kujifungua anavyohudumiwa na mwanamke mwingine ili aweze kumhudumia mtoto. Msomaji wa Bukavu hatashangazwa na wazo hilo, kwa kuwa amewaona wanawake wakihamia nyumba ya mzazi kwa wiki kadhaa. Atashangaa tu kwamba ilichukua muda mrefu hivyo kuliandika.

Fikra za Kiafrika nazo hazina usalama wa moja kwa moja katika jambo hili, hata kama wasemaji wa majukwaani hupenda kudai kwamba Mwafrika hamtupi mtu wake. Ifeanyi Menkiti, mwanafalsafa wa Nijeria, alieleza mwaka 1984 kwamba katika mawazo ya jadi utu kamili haupatikani kwa kuzaliwa tu, bali hukua kadiri mtu anavyoingia katika maisha na wajibu wa jumuiya, na mwenye umri mkubwa ana zaidi ya kichanga. Nadharia hiyo inaelezea vizuri heshima apewayo mzee, lakini ikipelekwa mpaka mwisho wake humwacha nje yule ambaye hatatahiriwa na wenzake, hatatoa mahari, hatakaa barazani na wala hatapeleka mchango msibani. Kwame Gyekye wa Ghana aliipinga kwa kusema kwamba jumuiya humlea mtu lakini haimuumbi, na kwamba thamani yake inatangulia mchango wake. Upande wa Gyekye ndio wenye nguvu hapa, ingawa ipo njia nyingine ya kufika kulekule bila kuiacha jumuiya. Bénézet Bujo, mwanateolojia Mkongomani mzaliwa wa Ituri aliyefundisha kwa miaka mingi huko Fribourg, Uswisi, alisisitiza kwamba jumuiya ya Kiafrika ni ya walio hai, ya waliokufa na ya wasiozaliwa bado, na kwamba maadili yake huzaliwa katika mjadala wa pamoja ambao Wafaransa waliuita palabre. Ikiwa marehemu asiyesema huhesabiwa katika mjadala huo, na mtoto asiyezaliwa hutengewa nafasi, ni kwa mantiki gani aliye hai, anayepumua na kucheka, angeachwa nje kwa sababu ya kutosema? Jumuiya inayojua kuwasikiliza wahenga imekwisha kuwa na ustadi wa kumsikiliza asiyetoa neno.

Kuna dini inayoponya dai la ndugu na kuna inayoliua. Inayoliua huja kwa njia mbili. Ya kwanza hutafuta mwenye kosa: mama alivunja mwiko, bibi ni mlozi, mtoto mwenyewe ana pepo, na baadhi ya vyumba vya maombi vinavyojaa mjini hutoza muda na fedha ambazo zingenunua dawa ya kifafa kwa mwaka mzima. Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali hilohilo walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, wakajibiwa kwamba si yeye wala wazazi. Na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi. Ya pili ni laini zaidi, na pengine ni hatari zaidi kwa kuwa hufanana na uchaji: husema Mungu ampumzishe, ameteseka vya kutosha. Maneno hayo yana mahali pake kando ya anayekufa baada ya kila kilichowezekana kufanywa. Yakisemwa kabla ya kipimo cha damu, yanakuwa cheti cha kifo kilichotiwa saini mapema.

Waislamu wa Kivu, walio wachache lakini wa siku nyingi, wanasoma katika sura ya 80 ya Kurani kwamba Mtume alikosolewa kwa kumkunjia uso kipofu aliyekuja kuuliza wakati yeye akizungumza na wakubwa wa Makka. Jambo la kutazama hapo ni kwamba aliyekosolewa alikuwa na kazi ya maana, na hao wakubwa wangeweza kuwafaa wengi. Hesabu ya manufaa ilikuwa upande wake, na bado hakuachiwa. Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, inatoa pia chombo kinachostahili kuazimwa na wasio Waislamu: tofauti kati ya fardhi ya kila mtu, kama sala, na fardhi ya kutosheleza, yaani wajibu ulio juu ya jamii yote, ambao baadhi wakiutimiza wengine hawadaiwi, na usipotimizwa wote wana dhambi. Kumzika maiti ni mfano wake wa kawaida. Kumtetea mgonjwa asiyeweza kujisemea kunaingia humo kwa urahisi, na kukiingizwa, swali la Bethzatha hupata mdaiwa: mtu anapolala bila mtu, hakuna aliyepita pale ambaye yuko huru.

Sheria za nchi, kwa karatasi, zimekwisha kukubali mengi ya haya. Ibara ya 49 ya Katiba inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi. Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 25 inakataza kumnyima mtu tiba, chakula au maji kwa sababu ya ulemavu. Na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 imekusanya ulinzi huo mahali pamoja. Mkataba huo, katika ibara ya 12, unakwenda mbali zaidi: haumruhusu ndugu kuwa mmiliki wa mlemavu, bali unamtaka awe msaada wa kuyatambua mapenzi yake. Tofauti hiyo ina maana kubwa kando ya kitanda. Ndugu anayekataa upasuaji kwa sababu yeye amechoka, na ndugu anayeulazimisha kwa sababu yeye hawezi kuachilia, wote wawili wameacha kuwa mashahidi wakawa wamiliki. Na hospitali inayomtii ndugu kwa kila neno haijamsikiliza mgonjwa zaidi ya ile inayomfukuza ndugu wodini.

Mji una vituo vilivyoonyesha kwamba jambo hili linafundishika. Heri Kwetu, kituo cha Kanisa Katoliki kilichosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, kimezoea kwa miaka mingi miili isiyonyooka na familia zinazoibeba. SOSAME, chini ya Mabruda wa Upendo, hupokea wagonjwa wa akili na wa kifafa ambao kwingine wangefungwa kamba. Hatari ni kwamba uwepo wa vituo hivyo hutumiwa kama kisingizio: mlemavu mwenye ngiri iliyokaza huambiwa apelekwe kwa wenzake, ingawa ngiri hutibiwa na daktari wa upasuaji, na mabingwa wa upasuaji wako katika hospitali kubwa, zikiwemo ile ya rufaa ya mkoa na ile ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege chini ya jumuiya ya Kipentekoste CEPAC. Kwa kuwa sehemu kubwa ya hospitali za mkoa zimo mikononi mwa makanisa, hoja ya kidini si pambo katika mjadala huu. Kanisa linalomiliki birika haliwezi kuhubiri juu ya Bethzatha kama habari ya watu wengine. Kinachotakiwa kwake si kikubwa: muuguzi mmoja kwa kila zamu mwenye jukumu la kuwa mtu wa wasio na mtu, na daftari ndani ya faili la mgonjwa ambamo ndugu ameandikiwa yale anayoyajua, namna ya kulisha, ishara ya maumivu, sauti ya furaha, ili kubadilika kwa zamu kusiufute ushahidi huo kila saa kumi na mbili.

Linabaki jambo ambalo familia hazipendi liguswe. Ndani ya ukoo wa watoto saba, garde-malade karibu daima ni mmoja, na karibu daima ni msichana: yule aliyeacha shule mama alipoanza kuchoka, ambaye wachumba hawakurudi walipomwona amembeba nani, na ambaye kaka zake walioko Kinshasa au Ubelgiji humtumia dola hamsini na ushauri. Kaka hao hujiona wamesamehewa, kwa hoja inayofanana sana na ya fardhi ya kutosheleza: mwenzetu ameutimiza wajibu, sisi hatudaiwi. Wanasheria wa Kiislamu wasingekubali usomaji huo, kwa kuwa wajibu wa pamoja hauishi kwa mtu mmoja kuuanza, unaisha haja inapotoshelezwa. Na haja iliyopo hapa ni ya mgonjwa, ya miaka yote atakayoishi, pamoja na ile ambayo dada huyo naye atakuwa hawezi kunyanyua kilo arobaini kutoka kwenye mkeka. Mpaka hapo, ndugu wengine, hospitali iliyomtumia bila mshahara, parokia inayomsifu kila Jumapili na serikali iliyoandika ibara ya 49 wanadaiwa kwa pamoja, na kila mmoja wao anaweza kudaiwa deni lote.